Kuotesha oganoidi ya figo kwa seli shina: siku 25 za maabara, hatua kwa hatua

Figo ya binadamu humaliza kuunda nefroni zake mtoto akiwa bado tumboni, karibu wiki ya 36 ya ujauzito. Nefroni ni kichujio kidogo cha damu pamoja na mrija wake, na kwa wastani kila figo hupata kama milioni moja. Baada ya hapo hakuna mpya. Seli za mirija zikiumia zinaweza kugawanyika na kuziba pengo, ndiyo maana mtu aliyeharisha na kuishiwa maji hadi figo zikasimama huweza kupona kabisa. Lakini nefroni nzima ikifa, mahali pake hujaa kovu. Kisukari na shinikizo la damu huzimaliza hivyo, kimyakimya, kwa miaka.

Kwa hiyo mtu anaposema "kutibu figo kwa seli shina", muulize kwanza anakusudia nini, maana kuna mambo mawili tofauti na kuyachanganya kumeumiza watu. La kwanza ni kudunga seli shina za uboho, za mafuta ya mwili au za kitovu cha mtoto mchanga ndani ya mshipa wa mgonjwa. Zile zinazodungwa zaidi zina upana wa maikromita 15 hadi 30, wakati mishipa midogo kabisa ya mapafu ina maikromita 5 hadi 10. Nyingi hukwama mapafuni na kufa ndani ya siku chache. Hazigeuki kuwa nefroni. Faida inayotafutwa ni kemikali zinazotoa, ambazo hutuliza uvimbe. Katika jaribio la Amerika Kaskazini lililochapishwa mwaka 2018, wagonjwa 156 walioumia figo baada ya upasuaji wa moyo waligawanywa kwa bahati nasibu, na waliopewa seli hawakupona haraka kuliko waliopewa maji yasiyo na seli. Madaktari wa Thailand nao waliripoti mwaka 2010 habari ya mgonjwa wa lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe, aliyedungwa seli shina zake mwenyewe moja kwa moja kwenye figo katika kliniki ya binafsi: uvimbe wa mishipa ya damu na seli za uboho uliota palepale alipochomwa sindano, na figo moja ikabidi itolewe. Ndugu akiambiwa auze shamba kwa ajili ya sindano ya namna hii, aonyeshwe mambo haya kabla hajatoa senti.

La pili ni kujenga nefroni upya kwa kuzipitisha seli shina katika ishara zilezile, kwa mpangilio uleule, ambazo kiinitete hutumia. Hilo linawezekana maabara leo, na ndilo linaloelezwa hapa. Kinachopatikana ni oganoidi, kibonge cha milimita chache chenye vichujio na mirija, kinachofanana na figo ya kijusi cha miezi mitatu ya kwanza. Bado hakiwekwi ndani ya mgonjwa. Hakina mishipa ya damu inayofanya kazi, hakina njia ya kutolea mkojo, na nefroni zake ni chache mno na changa. Kazi yake kwa sasa ni kutuonyesha figo inavyoumia na inavyojirekebisha, jambo ambalo panya hawezi kutuonyesha vizuri.

Njia tunayoifuata ni ile ya Minoru Takasato na Melissa Little wa Australia, iliyochapishwa mwaka 2015. Zipo nyingine nzuri, ya Kumamoto kule Japani na ya Boston. Tumechagua hii kwa sababu ina viungo vichache, na penye viungo vichache ni rahisi kumtafuta mchawi kazi inapoharibika.

Vitu vya kuandaa

Kibali kinatangulia. Tanzania kibali cha maadili ya utafiti wa afya wa kitaifa hupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Kenya utahitaji kamati ya maadili iliyoidhinishwa na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Ukitumia seli za mgonjwa wa kwenu, fomu ya ridhaa itaje waziwazi kwamba seli zake zitaishi miaka mingi, kwamba jeni zake zitasomwa, na kwamba seli zinaweza kuvuka mpaka. Mtu aliyeridhia "kutoa damu kidogo kwa utafiti" hajaridhia mambo hayo matatu.

Seli zenyewe ni za iPS: seli za kawaida za ngozi au damu ya mtu mzima zilizorudishwa kwenye hali ya mwanzo kwa jeni nne, OCT4, SOX2, KLF4 na c-MYC. Shinya Yamanaka wa Kyoto alifanya hivyo kwa panya mwaka 2006 na kwa binadamu mwaka 2007. Kwa mara ya kwanza nunua au omba seli zilizokwisha kutengenezwa na kuhakikiwa. Usijitwishe kazi mbili ngumu kwa wakati mmoja. Zihifadhi kwenye naitrojeni ya kimiminika. Friza ya nyuzi −80 ni kituo cha njiani tu, maana seli hizi hudhoofika humo.

Kabla ya jaribio lolote pima mambo mawili. Moja ni maikoplazma, kijidudu kisichoonekana kwa hadubini ya kawaida, ambacho hujibandika kwenye seli na kubadili tabia zake bila kuziua. La pili ni kromosomu. Seli za iPS zikilelewa muda mrefu hupenda kuongeza kipande cha kromosomu 20, kile cha 20q11.21, kwa sababu huzisaidia kutokufa. Seli za namna hiyo hukua vizuri na kupendeza macho, lakini matokeo yake si ya kuaminiwa.

Akiba za dawa ziandae hivi:

- CHIR99021: miligramu 5 za unga kwenye mililita 1.07 ya DMSO, kiyeyushi cha dawa, hutoa akiba ya milimola 10 kwa lita.
- FGF9, protini ya kuashiria ukuaji: maikrogramu 100 kwa mililita, kwenye PBS (maji ya chumvi ya kuoshea seli) yenye albumini asilimia 0.1.
- Heparini: miligramu 1 kwa mililita.
- Y-27632, dawa ya kuzuia seli zilizotenganishwa zisife: milimola 10 kwa lita.

Gawa kila moja kwenye vichupa vya matumizi ya mara moja na uvigandishe. FGF9 ikiyeyuka na kugandishwa tena hupoteza nguvu, na ndiyo ghali kuliko zote, kwa hiyo piga hesabu kabla ya kuagiza. Flaski moja ya sentimita 25 za mraba na sahani moja yenye machujio sita zitatumia kama maikrogramu 6.3. Kichupa cha maikrogramu 10 kinatosha mzunguko mmoja, na kinachobaki hakitoshi wa pili. Midia, yaani maji ya kulishia seli, ni ile iitwayo APEL, na mzunguko huo utakunywa karibu mililita 100. Ongeza robo kwa ajili ya kinachomwagika na kinachobaki kwenye pipeti.

Utahitaji pia Matrigel ya kutandika flaski na machujio ya Transwell yenye matundu ya maikromita 0.4 kwa sahani ya visima sita. Matrigel iyeyushwe usiku kucha kwenye friji juu ya barafu na iguswe kwa ncha za pipeti zilizopoozwa tu. Ikipata joto la chumba inaganda mkononi, na haigeuki tena kuwa maji sawasawa.

Jambo moja zaidi kuhusu umeme. Kazi hii haina siku ya mapumziko kwa siku 25. Inkubeta na friza ziwe kwenye UPS inayoweza kusubiri jenereta iwake. Umeme ukikatika, usifungue mlango wa inkubeta kuangalia. Mlango uliofungwa hutunza joto na unyevu muda mrefu kuliko watu wanavyodhani, na anayechungulia kila dakika kumi ndiye anayeziua seli.

Kuanzia siku moja kabla hadi siku ya 7

Siku moja kabla ya kuanza, tandika flaski kwa Matrigel iliyozimuliwa kwa kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi ya bechi, na uiache kwenye nyuzi 37 kwa saa moja. Bandua seli za iPS ziwe mojamoja, zihesabu, kisha panda seli 375,000 kwenye flaski hiyo, sawa na 15,000 kwa kila sentimita ya mraba. Weka Y-27632 kwa kipimo cha maikrolita 1 kwa kila mililita ya midia, kwa sababu seli hizi zikitenganishwa hujiua. Tikisa flaski mbele na nyuma, halafu kushoto na kulia. Usiizungushe, maana mzunguko hukusanya seli katikati.

Hesabu ya seli ndiyo nusu ya kazi. Usikadirie kwa jicho. Hesabu mara mbili, na hesabu zikipishana kwa zaidi ya asilimia 15, hesabu ya tatu.

Siku ya 0, kesho yake, seli ziwe zimefunika nusu ya sakafu ya flaski au pungufu kidogo. Ondoa midia ya jana, weka mililita 5 za APEL yenye CHIR ya maikromola 8 kwa lita, yaani maikrolita 4 za akiba. Siku ya 2 badilisha kwa mchanganyiko uleule mpya.

CHIR hufunga kimeng'enya kiitwacho GSK-3 na hivyo kuamsha ishara ya Wnt. Seli zinaanza safari ambayo kiinitete hupita wiki ya tatu: zinakuwa tabaka la kati, lile linalozaa misuli, damu, mifupa na figo. Hapa muda una uzito kuliko kipimo. Seli zinazoachana na CHIR mapema, siku ya 3, huelekea zaidi upande wa mrija unaokusanya mkojo. Zinazokaa nayo hadi siku ya 5 huelekea zaidi upande wa nefroni. Siku nne hutoa mchanganyiko wa pande zote mbili. Ukitaka kuchunguza podosaiti, zile seli zenye vidole vinavyokumbatia mishipa ya kichujio, ongeza nusu siku hadi siku nzima na ulinganishe.

Wakati huu seli nyingi zitakufa na kuelea. Usishtuke. Zinazobaki zitasongamana, kisha zitasambaa.

Siku ya 4 ondoa CHIR, weka APEL yenye FGF9 ya nanogramu 200 kwa mililita na heparini ya maikrogramu 1 kwa mililita. Kwa mililita 5 hizo ni maikrolita 10 za FGF9 na 5 za heparini. Heparini isisahauliwe: ndiyo inayoishika FGF9 na kuiwezesha kukaa kwenye kipokezi chake. Siku ya 6 badilisha. Siku ya 7 sakafu yote iwe imefunikwa na tandiko la seli zilizobanana. Ukiweza, toa sampuli ndogo upime jeni za PAX2 na LHX1, alama za tishu itakayozaa figo. Zisipowaka hapo, kinachofuata ni kupoteza midia. Simama, rudi siku ya 0.

Kutengeneza vidonge na kuvipandisha kwenye chujio

Osha tandiko kwa PBS, libandue kwa tripsini yenye EDTA, na simamisha tripsini mara seli zinapoachana. Zichuje kupitia wavu wa maikromita 40 ili mabonge yabaki juu, uzihesabu, kisha gawa seli 500,000 kwa kila kichupa cha mililita 1.5. Ukihesabu milioni 9 utapata oganoidi 18, tatu kwa kila chujio.

Zungusha vichupa kwenye sentrifuji kwa 400 g (nguvu mara 400 ya mvutano wa dunia), dakika 2. Vitoe, vigeuze nusu duara, zungusha tena. Fanya hivyo mara tatu. Kugeuza huko hukifanya kidonge kikae katikati ya kitako cha kichupa badala ya kujilaza ubavuni kama ukoko. Kidonge kilicholala ubavuni hupasuka ukikivuta.

Weka mililita 1.2 za APEL yenye CHIR ya maikromola 5, sawa na maikrolita 0.5 za akiba kwa kila mililita, chini ya kila chujio. Sasa chukua ncha ya pipeti yenye mdomo mpana, au kata ncha ya kawaida kwa mkasi safi, uilainishe kwanza kwa midia, ukivute kidonge na tone dogo la maji, ukitue juu ya chujio polepole. Nyonya maji yaliyobaki kukizunguka. Kidonge kiketi kwenye mpaka wa hewa na midia, kinywe kutoka chini na kipumue kutoka juu. Midia ikipanda juu ya chujio, kidonge kitaelea na kusambaratika, na kile kitakachosalia kitakufa katikati kwa kukosa oksijeni.

Hii ndiyo hatua ya mikono, na haina njia ya mkato. Fanya mazoezi kwa seli za kawaida za maabara siku mbili tatu kabla ya kugusa zile za thamani.

Acha vidonge kwenye inkubeta saa moja kamili na CHIR hiyo. Mshtuko huu mfupi wa Wnt ndio unaoziambia seli zianze kujikusanya kuwa nefroni. Usipoutoa, nefroni hupungua sana. Saa moja ikiisha, ondoa midia ya chini na uweke APEL yenye FGF9 na heparini kwa vipimo vilevile vya mwanzo.

Siku ya 8 hadi ya 25

Badilisha midia ya FGF9 kila baada ya siku mbili kwa siku tano. Kuanzia siku ya 12 weka APEL tupu, mililita 1.2 kila baada ya siku mbili, hadi siku ya 25. Ingiza pipeti pembeni mwa chujio, si juu yake.

Kati ya siku ya tatu na ya tano juu ya chujio, yaani siku ya 10 hadi ya 12, utaona, kwa hadubini ya kawaida, viduara vidogo vyenye ukingo mkali. Hivyo ndivyo vijifuko vya mwanzo vya nefroni. Baadaye vinarefuka na kujikunja, na mwishoni oganoidi nzima inaonekana kama mkeka wa mirija iliyosokotana. Isipoonyesha viduara hadi siku ya 14, haitaonyesha tena.

Trei ya maji ndani ya inkubeta isikauke hata siku moja. Mililita 1.2 ni kidogo, na hewa kavu huigeuza kuwa maji ya chumvi.

Kuhakikisha kwamba ni figo kweli

Mirija peke yake haitoshi, maana viungo vingi vina mirija. Kaza oganoidi kwa paraformaldehidi ya asilimia 2 kwa dakika 20 kwenye nyuzi 4. Iloweke saa 2 hadi 3 kwenye PBS yenye seramu ya punda asilimia 10 na Triton X-100 asilimia 0.3, halafu kingamwili za kwanza usiku kucha kwenye nyuzi 4. Kingamwili za pili nazo zipewe saa za kutosha, kwa sababu kibonge ni kinene na haziingii upesi.

Tafuta alama nne katika nefroni moja, zikifuatana: NPHS1 au WT1 kwenye kichujio, LTL (protini ya mmea inayonata kwenye seli hizo) kwenye mrija wa karibu na kichujio, ECAD kwenye mrija wa mbali, na GATA3 pamoja na ECAD kule mwisho unakokusanyika mkojo. Mfuatano ndio ushahidi. Oganoidi yenye alama zote nne zilizotawanyika ovyo haijaunda nefroni. Ongeza CD31 kuona seli za mishipa ya damu: zitakuwepo, lakini hazipitishi chochote.

Yanayoharibika, na sababu zake

Tatizo kubwa kuliko yote ni tofauti kati ya mzunguko na mzunguko. Oganoidi za siku moja kutoka flaski moja hufanana kama mapacha. Za mwezi unaofuata, seli zilezile na mikono ileile, zinaweza kutofautiana waziwazi, hasa katika ukomavu. Kikundi cha Melissa Little kilionyesha hivyo mwaka 2019. Kwa sababu hiyo, oganoidi za mgonjwa na za mtu mwenye afya zioteshwe wakati mmoja, kwa bechi moja ya kila kiungo. Kulinganisha za Machi na za Juni ni kulinganisha miezi.

CHIR nayo hutofautiana bechi kwa bechi, na kila ukoo wa seli una kiu yake. Kila unapofungua bechi mpya, panda seli kwenye visima vidogo, jaribu maikromola 6, 7, 8 na 10, uchague kipimo kinachotoa nefroni nyingi siku ya 25. Ni mwezi mzima, ndiyo. Anayeuruka hujikuta anapoteza miezi mitatu akishuku kila kitu isipokuwa kichupa hicho.

Siku ya 7 tandiko likiwa na mapengo, seli zilikuwa chache siku ya 0 au CHIR ilizidi. Likiwa nene na lenye vilima, seli zilikuwa nyingi mno. Za chini hazikupata CHIR sawasawa na zimebaki seli shina. Hizo ni hatari, kwa sababu hata moja kwa mia ikibaki inaweza kuota uvimbe wenye tishu za kila namna ikipandikizwa kwa mnyama.

Oganoidi ngumu, nyeupe, isiyo na mirija imejaa tishu unganishi. Mara nyingi chanzo ni kidonge kilichosambaratika au mshtuko wa CHIR uliorukwa.

Wageni watakuwepo daima. Uchunguzi wa seli mojamoja uliochapishwa mwaka 2018 na kikundi cha Benjamin Humphreys ulikuta asilimia 10 hadi 20 ya seli za oganoidi si za figo kabisa; ni za neva na za misuli. Kikundi hicho kilipozuia kipokezi cha NTRK2, seli za neva zilipungua kwa asilimia 90 bila kuathiri nefroni. Wengine hudhani kwamba kuiacha oganoidi miezi miwili kutaikomaza. Haitaikomaza. Baada ya siku ya 25 nefroni huanza kupungua na tishu unganishi hutanuka. Ukomavu unadai damu: watafiti wa Leiden, Uholanzi, walipoweka oganoidi chini ya ngozi ya figo ya panya, mishipa ya panya iliingia ndani ya vichujio na podosaiti zikakomaa zaidi.

Kuiumiza ili kuona inavyojirekebisha

Hapa ndipo oganoidi inapolipa gharama yake. Sisplatini hutumika sana pamoja na mionzi kutibu saratani ya shingo ya kizazi, na daktari hulazimika kuipunguza au kuiacha kwa sababu inaunguza mirija ya karibu ya figo. Oganoidi inakuruhusu kuutazama uharibifu huo saa kwa saa kwenye seli za binadamu.

Tumia sisplatini ya hospitali ya miligramu 1 kwa mililita, iliyo ndani ya maji ya chumvi. Usiiyeyushe kwa DMSO hata kama maabara nzima huyeyusha kila dawa kwa DMSO: DMSO huishika platini na kuiua nguvu, nawe utaandika kwamba dawa haina madhara. Usiiweke kwenye friji, kwa kuwa hutengeneza chembe, na usitumie sindano yenye alumini. Maikrolita 1.5 kwa kila mililita ya midia hutoa maikromola 5; maikrolita 6 hutoa maikromola 20. Weka siku ya 24, kwa saa 24, na oganoidi nyingine za flaski ileile zipewe maji ya chumvi matupu kwa ujazo uleule.

Kaza nusu ya oganoidi mara moja, uzipake kingamwili ya kaspasi-3 iliyoamshwa, alama ya seli inayokufa, pamoja na LTL. Vifo vikitokea zaidi ndani ya mirija yenye LTL, umeiga jeraha la hospitalini. Vikienea kila mahali, kipimo kimezidi na umeua tishu tu. Nusu nyingine ioshe mara tatu, uiweke kwenye midia safi, na uihesabu baada ya siku tatu: Ki-67 kwa seli zinazogawanyika, KIM-1 kwa mrija ulioumia, γH2AX kwa DNA iliyokatika na bado haijaunganishwa.

Kisha rudia jeraha. Kikundi cha Boston kilichapisha mwaka 2022 kwamba mirija iliyoumizwa mara moja kwa kipimo kidogo hujirekebisha, lakini ikiumizwa tena na tena, uwezo wa seli kuunganisha DNA yake kupitia jeni kama FANCD2 na RAD51 hushuka, na kovu huanza. Waliona pia kwamba kemikali iitwayo SCR7 ilirudisha sehemu ya uwezo huo. Hilo ni lango la dawa inayosaidia figo ijitibu yenyewe, bila kupandikiza seli yoyote, na kwa maoni yetu litamfikia mgonjwa mapema kuliko figo iliyojengwa maabara.

Kwa Waafrika kuna jaribio jingine linalosubiri mikono. Protini ya APOL1 huua vimelea vya malale, na aina zake mbili, G1 na G2, zilienea hasa Afrika Magharibi kwa sababu ya kinga hiyo. G2 hukinga hata dhidi ya rhodesiense, malale ya upande wetu wa mashariki. Mtu akirithi nakala mbili za aina hizo, hatari ya ugonjwa wa figo hupanda. Panya hana jeni hiyo kabisa. Oganoidi inayo, lakini imelala. Huamshwa kwa intaferoni gama, ishara ya kinga ya mwili, na hapo podosaiti zenye G1 zinaweza kulinganishwa na zile zisizo nayo, katika seli za mtu yuleyule zilizohaririwa herufi mbili tatu. Ukilifanya, pandisha aina zote mbili kwenye sahani moja, chujio la kushoto na la kulia, na mtu atakayehesabu vichujio chini ya hadubini asiambiwe kipi ni kipi.